Muziki wa Pipa

Walionifahamu baadaye, nilipokuwa nikipiga gitaa na bendi katika hoteli za mjini Kisii, walidhani nilijifunzia kazi kanisani, au kwa kunasa nyimbo za redioni kama wenzangu wengi. Sikuwasahihisha. Ukweli ni kwamba mkono wangu wa kulia ulifunzwa na mtu ambaye hakupata kushika gitaa maishani mwake. Nilimpigia yeye kwa karibu miaka miwili, akizunguka kwa pikipiki juu ya ukuta wa mbao, kitambaa cheusi machoni. Nikikosea, anaanguka.

Mchezo wenyewe tuliuita Pipa. Lilikuwa pipa kweli, ila kubwa kama nyumba. Mbao ndefu zilisimamishwa wima zikafanya duara, zikakazwa kwa nyaya za chuma na kabari, kimo cha watu watatu, mmoja juu ya bega la mwenzake. Mwendesha pikipiki aliingia kwa mlango mdogo chini, mlango ukafungwa. Akazunguka sakafuni, akapanda mteremko mfupi, na mwendo ulipokolea akawa anakimbia juu ya ukuta wenyewe, amelala ubavu kama nzi. Watazamaji walipanda ngazi kwa nje, wakasimama kwenye jukwaa lililozunguka mdomo wa Pipa, wakachungulia ndani. Kiasi cha mkono mmoja chini ya mdomo palichorwa mstari mwekundu. Juu ya mstari huo palipita waya mnene wa kuwazuia watu wasitumbukie. Gurudumu likiugusa waya ule, habari imekwisha.

Lori la Pipa lilifika Keumbu, kituo kidogo karibu na Kisii, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Nyaramba, niliyetakiwa nyumbani kuchuma pareto lakini nikawa nashinda Keumbu kwa ajili ya bendi. Bendi yetu ilikuwa ya watu watano. Kiongozi alikuwa fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye maneno machache, na mazoezi tulifanyia nyuma ya duka lake, katikati ya magauni ya wateja. Tulipiga kwenye harusi na kwenye michango ya shule, na Jumapili mchana tulipiga hotelini. Alituambia kila mara kwamba bendi ni kama suti, uzi mmoja ukilegea watu wote wanauona.

Mwenye Pipa, ambaye sote tulimwita tajiri, alikuwa mtu mnene aliyetoka mbali na kwetu. Zamani aliendesha mwenyewe mpaka mgongo ukamshinda. Alinisikia nikipiga dukani kwa fundi, akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha.

"Kijana," akasema, "ninataka muziki unaofuata mchezo. Pikipiki ikipanda, muziki upande. Ikishuka, ushuke. Unaweza?"

Nikamwambia naweza. Sikujua ninachokubali.

Siku ya pili alinieleza kazi yenyewe. Mwisho wa kila onyesho mwendeshaji alifungwa kitambaa machoni, akapanda ukutani bila kuona. Kabla yangu, tajiri alikuwa akimwongoza kwa filimbi, lakini vigelegele vya watu vilikuwa vikiimeza. Sasa gitaa ndilo lingekuwa macho yake. Vipaza sauti viwili, vilivyopata umeme kwa jenereta iliyokaa nyuma ya lori, vilining'inizwa ndani ya Pipa, na mimi nikakalishwa kwenye sanduku juu ya jukwaa, mahali ninapoona ukuta wote. Tulikubaliana hivi: nikipiga nyuzi za kati, yuko mahali pake, aendelee. Nikipanda nyuzi nyembamba, amekaribia mstari mwekundu, ashuke. Nikishuka nyuzi nene, ameshuka mno, aongeze mafuta. Na wimbo mmoja tuliouchagua, nikiuanza, maana yake onyesho limekwisha, ateremke polepole mpaka sakafuni.

Mwendeshaji alikuwa na miaka kama thelathini na mitano. Alitoka katika zile familia za Waislamu zilizokaa nyuma ya soko la Kisii tangu enzi za babu zao, damu za kila upande zimechanganyika, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu cha shuleni. Alinicheka kwa upole kila nilipogeuza "l" kuwa "r". Nilimwita kaka. Yeye aliniita Macho.

"Macho, leo umeamka vizuri?" alikuwa akiniuliza asubuhi, akifuta mnyororo wa pikipiki. "Usije ukanilalia huko juu."

Miezi ya kwanza ilikwenda vyema. Tulizunguka masoko, Keumbu, Ogembo, Nyamira, kisha tukarudi mjini. Siku za soko nilikuwa Pipani, mwisho wa juma nilikuwa na bendi. Niligundua kwamba muziki wa Pipa haukubali maringo. Kwenye bendi nikikosea, mpiga besi anacheka na wimbo unaendelea. Pipani sikuthubutu hata kukohoa. Nilimkazia macho mtu yule mpaka nikawa najua atakavyoinama kabla hajainama, na vidole vikafuata vyenyewe. Nikishuka kutoka kwenye sanduku, shati limelowa mgongoni kana kwamba mimi ndiye niliyeendesha.

Tulipofika Nyaramba, mama alikuja. Hakuwa mtu wa michezo, lakini majirani walimwambia mwanawe ndiye mpigaji, akapanda ngazi akiwa bado na kikapu chake. Akina mama wenzake walisema "Biba, Biba", maana kwa Ekegusii, lugha yetu, ile "p" inawakwama. Nikamwona amesimama kati yao, mkono umeshika waya.

Onyesho la kitambaa lilianza. Alizunguka mara tatu mahali pake. Mara ya nne akaanza kupanda. Nikahamia nyuzi nyembamba. Hakushuka. Nikapiga kwa nguvu zaidi, juu kabisa kwenye shingo ya gitaa, sauti ikalia kama mtoto. Akaendelea kupanda. Gurudumu la mbele likavuka mstari mwekundu. Watu wa upande ule wakarudi nyuma wote kwa pamoja, jukwaa likayumba, na bomba la moshi likaparuza waya likatoa cheche. Sijui kilichonituma. Nilipiga uzi mnene kuliko zote kwa kidole gumba, mara moja, kwa ghadhabu. Papo hapo akapunguza mafuta, akashuka.

Watu walipiga vigelegele. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Mama alinisubiri chini ya ngazi. Alisema kwa Ekegusii, sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Mwanangu, mtu yule akianguka, nani atasema ulikuwa unacheza?" Akainua kikapu chake akaenda. Hakuja tena.

Nilimkuta mwendeshaji nyuma ya lori akinywa chai. Alikuwa amenipa mgongo. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, karibu zaidi, hatua mbili tu kutoka kwake. Akaendelea kunywa chai yake. Nilipomgusa bega alishtuka hata chai ikamwagika.

"Kaka," nikamwambia, nikiwa nimesimama mbele yake, "tangu lini?"

Hakujifanya haelewi. Alitazama pande zote kwanza. "Sauti nene ninazo," akasema. "Za wanaume, za ngoma, na lile pigo lako moja la leo, ambalo halikuwa katika alama zetu, nikajua nimepanda mno. Nyembamba zimenihama moja moja. Ndege sijawasikia tangu mwaka jana. Ni hii pikipiki. Miaka kumi ndani ya mbao, na haina kizuia sauti, tajiri aliking'oa ili ingurume."

"Lazima tumwambie."

"Ukimwambia, kesho nimelala njaa mimi na wanangu watatu. Sijasoma, Macho. Sijui kazi nyingine." Akanishika mkono. "Wewe ndiye unayeniongoza. Badilisha muziki. Nipigie kwa nyuzi nene peke yake, mimi nitasikia. Nani atajua?"

Nilifikiria cheche zile kwenye waya. Nilifikiria pia kwamba ni mimi niliyemshusha, kwa uzi mmoja, na jambo hilo lilinipa kiburi ambacho leo kinanitia aibu. Nikakubali.

Tukatunga alama mpya, sisi wawili, tumejificha ndani ya Pipa asubuhi kabla watu hawajafika. Nyuzi nene tu. Mapigo ya polepole, yuko sawa. Mapigo mawili mawili, ashuke. Mapigo ya haraka mfululizo, aongeze mafuta. Wimbo wa mwisho nao nikauhamishia kwenye nyuzi hizohizo. Tulijaribu akiwa amefumba macho bila kitambaa, tena na tena, mpaka nikaridhika.

Shida ilikuwa tajiri. Baada ya maonyesho mawili alinijia amekunja uso. "Unapiga kama uko matangani. Watu wamekuja kufurahi." Sikuweza kumweleza. Basi nikatafuta njia. Kidole gumba nikakiachia nyuzi nene, kimpigie mwendeshaji alama zake. Vidole viwili vingine nikavipeleka juu, viwapigie watazamaji nyimbo za kuchangamka. Ilikuwa kama kuzungumza na watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja unamchekesha na mwingine unamwonya. Mwanzoni vidole viligombana. Nilikaa na gitaa kavu, lisilo la umeme, nyumbani mpaka mama akanihamishia jikoni. Baada ya majuma kadhaa vikasikilizana. Tajiri akaridhika, watu wakacheza kwenye jukwaa, na chini ya furaha yao kidole gumba changu kikawa kinasema, sawa, sawa, shuka, sawa.

Fundi wa Keumbu aliusikia upigaji ule siku moja ya mazoezi. Akasimamisha bendi yote.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Nimeibuni tu."

"Irudie."

Nikairudia. Akamwambia mpiga besi apunguze, na mpiga ngoma vilevile, akaniacha nitangulie. Kuanzia hapo wimbo wetu ukawa na sauti yake, si ya kuiga. Watu wa Kisii wakaanza kutuulizia, na wenye hoteli waliokuwa wakitupa saa za mchana zisizo na wateja wakatupa saa nzuri. Nilisifiwa. Kila nikisifiwa nilibadilisha mazungumzo, kwa sababu nilijua jambo lile lilizaliwa ili kuficha uongo.

Fundi hakujua hayo, lakini aliona ninavyochelewa mazoezi na ninavyofika nimechoka. "Huwezi kuwa na mikono miwili mahali pawili," akaniambia. "Pipa ni mchezo wa wapita njia. Bendi ni kazi. Chagua."

"Nipe muda, fundi."

"Muda wa nini?"

Ningeacha Pipa, tajiri angemleta mpigaji mwingine, naye angepiga nyuzi nyembamba mtu akipanda, kama tulivyokubaliana mwanzo mbele ya tajiri. Hakuna mwingine aliyezijua alama zetu. Nilikuwa nimefungwa kwa kamba niliyoisokota mwenyewe.

Mvua za Kisii kila mtu anazijua, asubuhi jua, alasiri maji. Tulizoea kumaliza kabla ya saa nane. Siku moja huko Ogembo lori lilikwama njiani kwenye tope, tukachelewa kulisimamisha Pipa, na onyesho la kwanza likaanza wakati ambapo kwa kawaida tunafunga. Ilikuwa siku ya soko. Wachuma chai walikuwa wengi, watu wa ndizi walikuwa wamefunga biashara mapema, jukwaa likajaa. Wengine walibaki chini wakingoja zamu.

Onyesho lilipofika katikati matone ya kwanza yakaanguka. Niliyaona yakitia madoa kwenye mbao. Nikamwita tajiri.

"Ukuta unalowa. Leo tuache kitambaa."

"Watu wote hawa wamekuja kuona kitambaa," akajibu. "Dakika tatu tu. Mvua yenyewe haijafika."

Nikainama juu ya mdomo wa Pipa nikamtazama mwendeshaji. Alikuwa ameketi juu ya pikipiki sakafuni, kitambaa mkononi. Nikamwonyesha mbao, nikatikisa kichwa. Aliniona vizuri kabisa. Alitazama juu kwenye uso wa tajiri, akatazama watu, kisha akaniinulia kidole gumba na kujifunga kitambaa.

Ningeweza kuweka gitaa chini. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kuliko jambo lolote la maisha yangu. Bila muziki asingepanda, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu. Lakini tajiri alikuwa amesimama nyuma yangu, watu walikuwa wameanza kupiga makofi, na mikono yangu ikaanza.

Alipanda vizuri. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole gumba polepole, sawa, sawa. Mvua ikaongezeka. Niliona gurudumu la nyuma likiteleza kidogo, upana wa kiganja, likashika tena. Nikaamua kuanza wimbo wa mwisho mapema. Nilikuwa nimeupiga nusu ya mstari wa kwanza, hajaanza hata kushuka, jenereta ilipokohoa nyuma ya lori, ikakohoa mara ya pili, ikazima.

Vipaza sauti vikafa. Vidole vyangu viliendelea kutembea juu ya nyuzi na hapakutoka kitu, kwikwi tu za chuma ambazo hata mimi sikuzisikia kwa mngurumo wa pikipiki. Na hapo ndipo liliponijia jambo ambalo miezi yote ile hatukulifikiria. Tulikuwa na alama ya kupanda, ya kushuka, ya kukaa. Hatukuwahi kukubaliana kimya kina maana gani.

Yeye naye hakujua. Nilimwona akiinua kichwa, kitambaa kikielekea juu, kama mtu anayetafuta harufu. Akaongeza mafuta. Mwendo wa zaidi ulimpandisha. Gurudumu likaukaribia mstari mwekundu.

Tajiri alianza kupiga filimbi. Ilikuwa filimbi kali, watu wote waliisikia isipokuwa mmoja. Aliipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Mbona hashuki?" akanipigia kelele. "Mbona hanisikii?"

Kando ya sanduku langu palikuwa na nyundo nzito ya kupigilia kabari. Niliitwaa nikalala kifudifudi kwenye jukwaa, watu wakanikanyaga mikono, nikainyoosha ndani ya Pipa nikagonga ubao. Mawili mawili. Mawili mawili. Kwa nguvu zangu zote, mpaka niliusikia ukuta wote ukitetemeka kifuani mwangu. Alipita chini yangu, uso wake karibu nami, ningenyoosha mkono ningemgusa, hakuonyesha dalili ya kusikia. Akazunguka. Mawili mawili. Alipopita mara ya pili niliona bega lake likilegea. Akapunguza mafuta.

Akaanza kushuka. Niligonga naye, bado mawili mawili, mapigo yakienda polepole zaidi na zaidi, kama ningekuwa napiga ule wimbo wa mwisho. Mstari mwekundu ukabaki juu yake. Nusu ya ukuta. Robo. Mbao za chini zilikuwa zimelowa kuliko za juu kwa sababu maji yalitiririkia huko. Alipofika kwenye mteremko gurudumu la nyuma likatoka upande, pikipiki ikalala, ikamburura sakafuni na kumkandamiza mguu kwenye mlango.

Watu wote wakaanza kushuka ngazi kwa pamoja.

Tulimtoa kwa kung'oa bawaba za mlango, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeuzuia. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa unaonekana. Hakulia. Nikamfungua kitambaa. Alinitazama midomo, akauliza, "Muziki ulikwenda wapi?" Dereva mmoja wa lori la chai alitupakia nyuma juu ya magunia matupu, tukaenda Kisii kwenye mvua. Nilimshika kichwa njia nzima. Kila lori liliporuka kwenye shimo aliniminya mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Mke wa mwendeshaji alitukuta hospitalini. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mtandio wake umelowa. Tajiri alikuwa amesimama nami kwenye baraza, akirudia swali moja: kwa nini hakuisikia filimbi? Nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu Nyaramba, mbele ya mkewe.

Tajiri alikaa kwenye benchi. "Miezi mingapi?" akauliza. Nikamjibu. Akashika kichwa.

Mke alinigeukia. Sikumwona akikasirika, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mimi nilijua," akasema. "Nyumbani namgongea kitanda ndipo aamke. Wewe nawe ulijua. Tajiri huyu peke yake ndiye hakujua, na ndiye peke yake aliyekuwa na uwezo wa kumsimamisha."

"Shemeji, aliniomba nisiseme."

"Hata mimi aliniomba." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Basi tumempenda vibaya, wewe na mimi."

Mwendeshaji alipopata fahamu vizuri, baada ya kufungwa plasta, nilimweleza kwamba tajiri anajua. Niliyasema maneno polepole ili ayasome mdomoni. Aligeuza uso ukutani. Nilingoja. Muuguzi akaja akaniambia mgonjwa anataka kupumzika.

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alimhudumia mpaka alipotoka hospitalini. Baada ya miezi michache akampata kijana mwingine wa kuendesha, akanifuata Keumbu niendelee na kazi. Nilimwambia nimeacha. Alifikiri nataka nyongeza. Nikamwambia siwezi tena kumwongoza mtu ukutani, akaelewa. Lori likaondoka, na sisi hatukuliona tena.

Fundi alinipokea bila swali. Ila bendini nilikuta taabu nyingine. Sikuweza kupiga bila kumtazama mtu. Kwenye kila dansi nilimchagua mchezaji mmoja bila kujijua, nikamfuata miguu, akienda haraka nakwenda haraka, akisimama nasimama, wenzangu wakapotea. Siku moja mtu niliyekuwa nikimtazama aliteleza akaanguka katikati ya ukumbi, kuanguka kwa kawaida tu kwa mtu aliyelewa, nami nikaacha kupiga. Bendi nzima ikasimama. Nilikuwa nimesimama na gitaa, nimeganda.

Fundi alinipeleka nje, nyuma ya hoteli. "Yule ameinuka," akasema. "Anacheka na wenzake. Nenda umtazame."

Nikatazama dirishani. Kweli alikuwa anacheka.

"Hapa hakuna anayekufa ukikosea," fundi akasema. "Kosea. Nakuomba. Kosea hata mara kumi, lakini usinyamaze."

Ilinichukua karibu mwaka kuamini maneno yale. Nikaanza kukosea, na makosa mengine yakawa matamu kuliko wimbo. Tulipiga Kisii na Nyamira na kwingineko, tukapata jina letu dogo, na mpaka leo wako wazee wanaonisimamisha njiani kuniuliza juu ya kile kidole gumba.

Mwendeshaji alifungua karakana ndogo nyuma ya soko la Kisii, akatengeneza pikipiki na magari. Nilijua ilipo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa nikizunguka njia nyingine ili nisipite mbele yake. Kisha gari la bendi likatuharibikia mjini, siku tuliyotakiwa Nyamira alasiri, na mafundi wa magari wengine wote walikuwa na kazi. Wenzangu walilisukuma gari mpaka mlangoni kwake kabla sijasema neno.

Alitoka akichechemea. Aliniona, akapita kwenda kwenye gari. Alifungua boneti, akachukua bisibisi ndefu, akaiweka ncha kwenye injini na mpini akauuma kwa meno, akaamuru dereva awashe. Alisikiliza hivyo, kwa mtetemo wa meno, kichwa kimeinama, akihamisha bisibisi kutoka hapa kwenda pale. "Ni hii," akasema, akagusa mahali. Wenzangu wakaenda kutafuta kipuri. Tukabaki wawili.

"Kaa upande huu nikuone mdomo," akasema.

Nikakaa. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga kwa siku nyingi, yakanitoroka yote. Nikamwambia, "Kaka, nilimwambia tajiri kwa sababu niliogopa angekupandisha tena."

"Hilo nimekusamehe zamani. Mke wangu alinisemesha mpaka nikasamehe." Alifuta mikono kwa kitambaa cha grisi, kidole kimoja kimoja. "Ile ya kupiga gitaa siku ya mvua ndiyo bado. Mimi nilikuwa na watoto, nisingeweza kukataa. Wewe uliweza."

"Najua."

"Unajua?"

"Hata mimi sijajisamehe."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayehakikisha kwamba amesoma sawasawa. Kisha akamwita mkewe alete chai, vikombe viwili. Tukanywa. Wenzangu waliporudi na kipuri alikifunga, gari likawaka, akapiga bodi kofi moja kutuaga na kurudi ndani kwa pikipiki aliyokuwa ameiacha imefunguliwa. Nyamira tulifika tumechelewa kidogo. Watu walikuwa wameshakusanyika, na fundi wetu wa cherehani, aliyekaa mbele, alikuwa akinitazama kupitia kioo cha dereva, anataka kujua kama nitaweza kupiga. Nikamwambia nitapiga.